Akili inajua nimesimama chumbani, mguu unakataa kwenda: ubongo unafanya nini ndani ya miwani ya uhalisia pepe?

#1 Ubao Mwembamba
Wakuu, salaam. Nina maswali mawili, ila kwanza niwaeleze yaliyonipata.

Mdogo wangu aliniletea miwani ya uhalisia pepe (VR) nijaribu. Programu ya kwanza unapanda lifti, mlango unafunguka, mbele yako kuna ubao mmoja umetokeza nje ya jengo, na chini kabisa magari yanapita madogo kama punje. Nilikuwa najua fika kwamba nimesimama chumbani juu ya zulia. Nikataka kuinua mguu wa kulia, mguu haukwenda. Si kwamba niliogopa halafu nikaamua kurudi nyuma. Mguu uligoma kwanza, hofu ikafuata. Viganja vikalowa, magoti yakalegea. Mdogo wangu ananiambia, "Kaka tembea, hiyo ni sakafu." Namjibu najua. Na bado siendi.

Baada ya kupumzika akaniwekea programu nyingine. Umekaa kando ya ziwa, mbele yako kuna tufe la mwanga linalovimba unapovuta pumzi na kusinyaa unapotoa. Dakika kumi na mbili tu. Sasa mimi mazoezi ya pumzi na kutafakari nimeyajaribu miezi mingi bila miwani, na kila nikikaa nazozana na mawazo yangu mpaka nainuka nimechoka kuliko nilivyokaa. Siku hiyo nilitulia hadi jioni, na usiku sikushtuka hata mara moja.

Swali la kwanza: ile hofu ya kwenye ubao ni hofu kweli, au ni mchezo wa macho? La pili: kilichonituliza ni miwani au ni pumzi?

#2 Mshona Nyaya
Hofu kweli, mkuu. Kazi yangu ni kutengeneza programu za aina hiyo, na nimeshaona watu wazima wakipiga magoti wakishika sakafu kwa mikono miwili.

Mtafiti anayeitwa Mel Slater aliliweka vizuri mwaka 2009. Alisema humo ndani kuna mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. La kwanza ni kuhisi kwamba uko mahali pale. La pili ni kuhisi kwamba linalotokea pale linatokea kweli. Na yote mawili yanakaa ndani yako huku ukijua vizuri kabisa kwamba si kweli. Ujuzi wako hauyavunji.

Hilo la kwanza linategemea kitu kimoja ambacho sisi mafundi tunakihangaikia usiku na mchana: ukigeuza kichwa, picha igeuke papo hapo. Tunalenga isizidi milisekunde 20 hivi. Ikichelewa, mahali panageuka kuwa skrini iliyokaa puani. Ikiwahi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia mizani na mkao wa mwili zinakubali kwamba upo juu, na haziji kukuomba ruhusa.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwapima watu mapigo ya moyo wakiwa wamesimama kwenye ukingo wa shimo la picha. Moyo ulikwenda mbio. Halafu wakaweka chini ya miguu ubao halisi wa unene wa sentimita nne hivi, ili vidole viuhisi ukingo. Moyo ukazidi kwenda mbio. Sentimita nne za mbao!

#3 Mzee Kurunzi
Kijana, sikatai ulichohisi. Nakataa haraka ya kutafuta sababu. Siku ile ulikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja: kifaa kipya, mdogo wako pembeni, hofu kubwa iliyotangulia, halafu dakika kumi na mbili bila simu na bila mtu kukuita. Mwili uliotoka kwenye hofu hushuka wenyewe, hata usipoupa tufe la mwanga. Ukiongeza na matarajio kwamba chombo hiki ni cha ajabu, usingizi unakuja.

Umeshawahi kukaa dakika kumi na mbili kimya mara tu baada ya kutishika, bila miwani? Kama hujawahi, swali lako la pili bado halina mizani ya kupimia.

#4 Pumzi Sita
Mzee umeanza mapema leo 😄 Lakini kuna kipande umekiruka. Ubao Mwembamba, lile tufe lilikuwa linakwenda mizunguko mingapi kwa dakika?

#5 Ubao Mwembamba
Nimeivaa tena nikahesabu. Kuvuta sekunde nne, kutoa sekunde sita.

#6 Pumzi Sita
Sekunde kumi kwa mzunguko. Pumzi sita kwa dakika. Hapo ndipo jibu lako lilipo, na miwani haihusiki.

Nieleze. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukitoa hupunguza. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono sasa hivi, vuta taratibu, toa taratibu zaidi, utausikia mwenyewe. Upande mwingine, kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua kuna vihisi vya shinikizo la damu. Shinikizo likipanda, vinapeleka habari kwenye shina la ubongo, na shina la ubongo linauambia moyo upunguze kupitia neva ya vegasi. Mzunguko huo mzima huchukua kama sekunde kumi. Sasa ukipumua kila sekunde kumi, mawimbi mawili yanakutana na kusukumana, kama unayemsukuma mtoto kwenye bembea kila inaporudi. Mapigo yanapanda na kushuka kwa upana mkubwa, na upande wa mwili unaohusika na kutulia unapata nguvu.

Luciano Bernardi na wenzake walichapisha mwaka 2001 kwenye jarida la BMJ. Waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno ya kurudiarudia. Vitu viwili vya imani mbili zisizojuana, vyote vikashusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika. Hapakuwa na ziwa wala tufe.

Miezi yote uliyokuwa unazozana na mawazo, nina hakika ulikuwa unapumua mara kumi na mbili au kumi na tano na unaita kutafakari.

#7 NesiWaZamu
Nimesoma nikiwa kwenye mapumziko, niongeze la kwangu haraka.

Nipo wodi ya majeraha ya moto. Kubadilisha bandeji ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa mgonjwa na kwetu. Dawa za maumivu tunatoa, lakini ukianza kuosha kidonda zinazidiwa. Tuna miwani moja. Nina mgonjwa mmoja ambaye siku za mwanzo alikuwa anakunja vidole vya miguu na kuuma taulo kabla hata sijamgusa, akisikia tu sauti ya sinia. Tukamvalisha. Niliosha mkono mzima, nikafunga, nikavua glavu. Akauliza, "Dada, mnaanza saa ngapi?"

Na huyo hakuwa anapumua taratibu, Pumzi Sita. Alikuwa anarusha vitu na kucheka, pumzi juu juu. Kwa hiyo pumzi peke yake haitoshi kueleza. Mimi naona ni umakini. Maumivu yanataka umakini ili yaume, na umakini wake ulikuwa umeshakodiwa kwingine.

#8 Kioo Kipana
Dada Nesi, hiyo ina historia! Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington ndio walioianza, wakatengeneza ulimwengu wa theluji, mgonjwa anarushia mipira ya theluji huku jeraha linaoshwa. Wakati wengine hata hawajui miwani ni nini.

Na siku hizi Marekani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, imeshaidhinisha miwani kwa maumivu ya kila aina. Pia kwa upande wa kutafakari, imethibitishwa kwamba wiki nane tu zinanenepesha ubongo. Kwa hiyo ukiunganisha vyote viwili, tunazungumzia kitu kikubwa sana.

#9 Panya wa Maabara
Kioo, nakupenda kwa moyo wako wa kusoma, lakini mawili hapo yarekebishwe.

FDA waliidhinisha Novemba 2021 programu moja, ya wiki nane, kwa watu wa miaka 18 na zaidi wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mgongo tu. Na ndani ya programu hiyo kuna mazoezi ya kupumua kwa kina, kwa hiyo hata hapo huwezi kuvitenganisha vyote viwili kirahisi.

Kuhusu wiki nane: mwaka 2011 Britta Hölzel na wenzake walitoa matokeo kwamba washiriki wa kozi ya kutafakari kwa umakini iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 waliongezeka msongamano wa tishu ya kijivu ya ubongo kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na mahali, na sehemu nyingine. Waliofanya kozi walikuwa 16. Habari ikaruka dunia nzima. Mwaka 2022 maabara ya Richard Davidson huko Wisconsin, watu ambao kutafakari ndiyo kazi ya maisha yao na wangefurahi kuona matokeo hayo, walirudia wakiwa na watu zaidi ya 200. Hawakuona badiliko la umbo la ubongo lililotokana na kozi. Kozi inaweza kukusaidia na bado isibadilishe umbo la ubongo ndani ya wiki nane. Ni mambo mawili tofauti.

Kwa dada Nesi: mwaka 2004 Hoffman aliwaweka watu wenye afya ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, akawapa joto lenye kuuma mguuni, na miwani machoni. Sehemu tano zinazoshughulika na maumivu zilipunguza kazi, zikiwemo thalamasi na insula. Kwa hiyo mgonjwa wako hakuwa anavumilia kimyakimya. Kwenye ubongo maumivu yenyewe yalikuwa yamepungua.

#10 Mkeka wa Alfajiri
Habari zenu. Ninatafakari kila siku kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na uzi huu umenigusa.

Ubao Mwembamba, umesema unapokaa unazozana na mawazo. Ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Umakini unatoka, unaugundua umetoka, unaurudisha. Ule wakati wa kugundua ndio unaofunzwa. Ndani ya miwani hakuna kugundua, kwa sababu umakini haupewi nafasi ya kutoka. Ziwa limeushika, tufe limeushika. Umetulia, ndiyo, na ninafurahi ulilala. Lakini kushikwa mkono kuvuka mto na kujifunza kuogelea vyote vinakufikisha ng'ambo, na siku ya mto mwingine utajua tofauti.

La pili nalisema kwa uzito. Watu wanadhani mazoezi haya hayana madhara. Mwaka wangu wa tatu nilikwenda kwenye kambi ya kimya ya siku kumi. Siku ya sita mapigo ya moyo yakaanza kunipiga masikioni, nikawa nayasikia mpaka kwenye meno. Nilipofunga macho mwili ukapotea, sikujua mikono yangu iko wapi. Niliwaambia wasimamizi, wakaniambia niendelee kukaa. Ilinichukua miezi minne kurudi kulala kawaida. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti waliowahoji watafakari wa muda mrefu, na nilipousoma nililia, kwa sababu niliyadhani yangu ni ya peke yangu. Hofu kubwa, usingizi kukatika, kujiona uko nje ya mwili. Vyote vimo.

Kwa hiyo yeyote atakayekuwa anasoma hapa kisha akaanza: ukihisi hivyo, simama. Fungua macho, tembea, gusa vitu, ongea na mtu.

#11 Ubao Mwembamba
Pole sana dada. Na ahsante, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ule ugomvi na mawazo ndilo zoezi.

#12 Sikio la Ndani
Nyinyi mnaongelea hofu na utulivu, mimi miwani hiyo inanipa kichefuchefu tu. Nilivaa dakika nane za kuelea angani, nikashinda nimelala na pazia limefungwa. Hali iliendelea hadi kesho yake asubuhi. Kwa nini?

#13 Mshona Nyaya
Pole mkuu. Maelezo ya kawaida: macho yanasema unakwenda, ugiligili wa sikio la ndani unasema umetulia. Ubongo unapata ripoti mbili zinazopingana. Ndiyo maana programu ya ubao haikutapishi, kwa sababu hatua unazopiga humo ni hatua unazopiga kweli. Ya kuelea inakusogeza bila mwili kusogea.

Anza na programu ambazo unasimama palepale au umekaa. Dakika tatu, si nane. Ukihisi mate yanajaa mdomoni, vua hapohapo, usijikaze. Kujikaza kunaufundisha mwili kuichukia miwani.

#14 Mzee Kurunzi
Hayo ni maelezo ya upande mmoja. Thomas Stoffregen na wenzake wanashikilia kwamba tatizo ni kupoteza uthabiti wa mkao: mwili unaanza kuyumba kidogo kabla ya kichefuchefu, na huko kuyumba ndiko kunakoleta ugonjwa. Na kwa nini tutapike, badala ya kuumwa kichwa tu? Mwaka 1977 Michel Treisman alipendekeza kwamba ubongo unapoona hisi zinagongana unadhani umekula sumu, unataka kuitoa. Ni dhana nzuri sana kuisikia, kuithibitisha ndiyo kazi.

#15 Sikio la Ndani
Ahsanteni wote. Nitaanza na dakika tatu nimekaa.

#16 Kivuli Changu
Nimesita kuandika ila acha niandike. Nilikatwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Mkono haupo, lakini unauma. Umekunja ngumi, kucha zinanichoma kiganjani, kiganja ambacho hakipo. Usiku ndiyo mbaya zaidi.

Mtaalamu wa mazoezi aliniletea kwanza kioo cha kawaida, unaweka mkono mzima mbele yake, unatazama taswira kana kwamba ni ule mwingine. Baadaye tukahamia kwenye miwani, humo nina mikono miwili. Mara ya kwanza nilipofungua vidole vya kulia na kuona vya kushoto navyo vinafunguka, ile ngumi ikafunguka. Niliihisi inafunguka, kidole kimoja kimoja. Nilikaa nikivitazama vile vidole kwa muda mrefu sana, nikakataa kuvua.

Maumivu yamerudi, siwadanganyi. Lakini yakirudi sasa ninajua njia.

#17 Kioo Kipana
Ndugu, umenitoa machozi. Hii ndiyo kazi ya Ramachandran, mtafiti wa ubongo, yule wa mkono wa mpira.

#18 Panya wa Maabara
Ramachandran ni wa kioo, Kioo 😄 miaka ya 1990, kwa watu kama ndugu yetu Kivuli Changu. Mkono wa mpira ni wa Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, mwaka 1998. Unaficha mkono wako, mbele yako unawekewa wa mpira, vyote viwili vinasuguliwa kwa brashi kwa wakati mmoja, na baada ya muda mfupi unauhisi wa mpira kuwa ndio wako.

Kivuli Changu, nakushukuru kwa kuandika, kwa sababu kisa chako ndicho kinachonifanya niegemee kwenye maelezo ya tatu ambayo hayajatajwa: ubongo hausubiri taarifa, unabashiri. Kila wakati una kisio kuhusu mwili uko wapi, uko katika hali gani, na unalilinganisha na kinachoingia. Mkono wako uliondoka, kisio likabaki limekunja ngumi, na hakuna taarifa ya kulisahihisha. Miwani ilileta taarifa.

Na hili halihusu mikono tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 2013 walitengeneza mkono wa picha unaobadilika rangi kuelekea wekundu na kurudi, sambamba na mapigo ya moyo ya mtu mwenyewe. Ulipokwenda sambamba, watu waliuhisi kuwa wao zaidi kuliko ulipokwenda ovyo. Maana yake habari za ndani, za moyo, na za nje, za macho, zinasukwa pamoja kuamua "huyu ni mimi". Sasa mtazame Ubao Mwembamba na tufe lake. Kitu kinachoonekana mbele yake kinakwenda sambamba na kifua chake. Pumzi Sita anaona kifua tu, dada Nesi anaona tufe tu. Mimi naona ule usambamba.

#19 Pumzi Sita
Nakubali kwamba ni fikra nzuri. Lakini tufe halikuwa linafuata pumzi yake, yeye ndiye alikuwa analifuata tufe. Lingeweza kukwenda vilevile hata asipokuwepo.

#20 Panya wa Maabara
Hiyo ni hoja, na sina jibu la haraka. Ila kwake yeye, aliyekaa ndani, tofauti ya kufuata na kufuatwa huenda ikafutika baada ya dakika mbili tatu.

#21 Mzee Kurunzi
Naona tumerudi kwa mwanasaikolojia William James bila kumtaja. Mwaka 1884 aliandika kwamba hatukimbii kwa sababu tunaogopa, bali tunaogopa kwa sababu mwili umeshaanza kukimbia. Ubao Mwembamba ameandika sentensi hiyohiyo hapo juu: mguu uligoma kwanza, hofu ikafuata.

Lakini mwanafiziolojia Walter Cannon alimjibu mwaka 1927 na majibu yake bado yana uzito. Matumbo na tezi hujibu polepole mno kuwa chanzo cha hofu ya ghafla. Moyo huenda mbio kwenye hofu, kwenye hasira, hata kwenye homa; mwili unajuaje ni ipi? Na wanyama waliokatwa neva zinazoleta habari za matumbo waliendelea kuonyesha hasira. Kwa hiyo tusiseme "ukituliza pumzi umetuliza hofu" kama vile ni bomba na maji.

#22 Pumzi Sita
Mzee, Cannon hakuwa na walichopata watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na UCLA huko Marekani mwaka 2017. Kwenye shina la ubongo la panya kuna kituo kinachotengeneza mdundo wa pumzi. Ndani ya kituo hicho kuna kundi dogo la seli ambalo halihusiki sana na kupumua kwenyewe, kazi yake ni kupeleka habari za pumzi kwenye sehemu inayoamsha ubongo mzima. Walipoliondoa, panya waliendelea kupumua, lakini wakawa watulivu ajabu, muda mwingi wamekaa wakijisafisha manyoya. Kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye mwamko wa ubongo kuna waya, tena haupiti kwenye matumbo.

#23 Kioo Kipana
Tukiwa kwenye panya: nimesoma kwamba panya wakiwekwa kwenye uhalisia pepe, asilimia 60 ya seli za hipokampasi zinakufa. Mnavaa miwani hizi kila siku, hamwogopi?

#24 Panya wa Maabara
Hazifi! Zinanyamaza. Ni kazi ya maabara ya Mayank Mehta, UCLA, 2014. Panya alitembea juu ya tufe huku picha zikimzunguka, na zaidi ya nusu ya seli zinazofanya kazi akiwa chumba halisi zikakaa kimya, na zilizobaki hazikuonyesha ramani ya mahali kama kawaida. Akitoka, zinarudi kazini. Kumbuka panya yule mwili wake ulikuwa umefungwa mahali pamoja, bila harufu za kufuata wala mwendo wa kweli wa sikio la ndani. Ubao Mwembamba alitembea kwa miguu yake. Siwezi kukwambia ubongo wake ulifanya kama wa panya.

Ila kutoka kwenye hilo kuna swali ninalolala nalo: kama mahali pa picha hapaingii kwenye ramani ya ubongo sawasawa, kwa nini hofu yake inaingia sawasawa?

#25 Mkeka wa Alfajiri
Swali zuri sana hilo. Na mimi niulize lingine: kuna anayevua miwani kisha mikono yake mwenyewe ikaonekana ya kigeni? Mwanangu alinisimulia hivyo, nikakumbuka kambi yangu ya siku kumi, nikamwambia apumzike wiki nzima.

#26 Mshona Nyaya
Hutokea dada, hasa kwa wageni na kwa wanaokaa saa nyingi. Mwaka 2010 Frederick Aardema na wenzake huko Canada walipima watu kabla na baada ya kuvaa, wakakuta hisia ya kujitenga na ulimwengu inaongezeka na hisia ya kuwepo kwenye ulimwengu halisi inapungua, zaidi kwa wale ambao kwa kawaida huzama kwenye mambo. Uliyomwambia mwanao ni sahihi. Mimi nikimaliza zamu naosha uso kwa maji baridi na kushika ukuta, mpaka chumba kirudi kuwa chumba.

#27 NesiWaZamu
Kwa wenye hofu ya urefu wanaosoma kimya: mwaka 2018 timu ya Daniel Freeman, Oxford, iliwatibu watu ndani ya miwani, mkufunzi mwenyewe akiwa ni picha, jumla ya kama saa mbili tu. Hofu ilishuka kwa wastani wa asilimia 68. Walioshiriki kwa jumla ni 100.

#28 Mzee Kurunzi
Sahihi, dada. Niongeze tu kwamba kundi la kulinganishia lilikuwa la matunzo ya kawaida, yaani wengi wao hawakupata tiba yoyote ya hofu hiyo. Kwa hiyo tunajua miwani inashinda kukaa bila kitu. Kama inamshinda mtaalamu anayekupandisha ngazi za kweli akiwa amekushika bega, hilo ni swali lingine.

#29 Ubao Mwembamba
Wakuu nimerudi. Nimefuata hoja ya Mzee, nikalinganisha na miwani na bila miwani, siku sita. Siku tatu miwani na tufe. Siku tatu bila miwani, macho nimefumba, mdogo wangu ananihesabia nne na sita kwa sauti ya chini, dakika kumi na mbili zilezile.

Usingizi: sawasawa pande zote mbili. Pumzi Sita anaweza kufurahi. Lakini siku za kufumba macho mawazo yalikuja tele, na siku za miwani hayakuja, kwa hiyo dada Nesi na dada Mkeka wana lao.

Halafu siku ya sita nikaomba ubao. Nikasimama mlangoni mwa lifti nikapumua nne kwa sita, mara kumi. Mguu uligoma tena, palepale, vilevile. Ila safari hii hofu haikufuata. Nilikuwa nimetulia kabisa, natazama chini, mguu umegoma. Kama mguu wa mtu mwingine. Mdogo wangu akasema "kaka, vipi?" nikamwambia ngoja. Baada ya muda ukaenda wenyewe. Nikafika mwisho wa ubao, nikakaa pale.

#30 Panya wa Maabara
Umegoma bila hofu! Mzee, hiyo unaiweka kwa James au kwa Cannon?

#31 Mzee Kurunzi
Kwanza arudie akianza na siku za bila miwani. Safari hii alianza na miwani, huenda imemfundisha kitu alichokibeba hadi siku za kufumba macho.

#32 NesiWaZamu
Kubeba, ndiyo. Nimetoka zamu sasa hivi na nilikuja kuandika hilo hilo. Miwani yetu imeharibika toka juzi. Leo asubuhi nikaingia kwa yule mgonjwa na sinia, nikamwambia leo haipo. Akanyamaza. Akafumba macho, akasema, "Ngoja niende mwenyewe." Nikasubiri. Nikaanza kuosha, vidole vya miguu vikakunjika, kisha vikalegea. Taulo lilikuwa mkononi mwake, hakulipeleka mdomoni. Katikati aliniambia kidonda kinauma, kwa sauti ya kawaida ya kuongea, halafu akarudi huko alikokuwa.

#33 Pumzi Sita
Dada Nesi, alikuwa anavuta pumzi ngapi kwa dakika?

#34 NesiWaZamu
Sikuhesabu, mikono yote miwili ilikuwa kwenye kidonda. Kesho kutwa tunabadilisha tena. Nitamwomba mwenzangu asimame pembeni na saa.